Baraza la Mpito la Libya lilitambuliwaje mwaka 2011 ilhali Gaddafi alikuwa bado yuko Tripoli?

Mfuatiliaji aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kuna jambo linalonisumbua kila ninaposoma habari za vita vya Libya vya mwaka 2011, na ningeomba wenye ujuzi wa sheria za kimataifa na diplomasia wanisaidie kulielewa.

Uasi ulianza Benghazi katikati ya Februari mwaka huo. Baraza la Taifa la Mpito likaundwa tarehe 27 Februari chini ya Mustafa Abdul Jalil, aliyekuwa waziri wa sheria wa Gaddafi mwenyewe, na tarehe 5 Machi likatangaza kuwa ndilo mwakilishi pekee wa Libya nzima. Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, Ufaransa ikalitambua. Wakati huo Muammar Gaddafi alikuwa bado anatawala kutoka Tripoli, majeshi yake yalikuwa yakisonga mbele kuelekea mashariki, na Baraza lilikuwa likishikilia sehemu tu ya nchi. Qatar ikafuata mwishoni mwa Machi, Italia mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 15 Julai, katika mkutano wa Kundi la Mawasiliano kuhusu Libya uliofanyika Istanbul, Marekani na nchi nyingine zipatazo 30 zikalikubali kuwa ndiyo mamlaka halali ya utawala. Tripoli yenyewe haikuanguka mpaka mwishoni mwa Agosti.

Nilivyofundishwa mimi, serikali hutambuliwa kwa sababu inatawala, yaani ina nchi mkononi na watu wanaitii. Hapa naona mambo yamegeuzwa: utambuzi umetangulia na utawala umefuata. Je, nchi inaweza kwa msingi gani kukitambua chombo ambacho hata mji mkuu hakijaushika? Na tamko likishatolewa, ni kitu gani hasa kinachobadilika, mbali na heshima na picha za viongozi wakipeana mikono? Aidha, kwa nini Umoja wa Afrika ulisubiri mpaka tarehe 20 Septemba? Siulizi kama Gaddafi alikuwa mwema au mbaya, kwa kuwa hilo limejadiliwa sana. Nauliza kuhusu kanuni, kwa sababu kanuni iliyotumika Libya inaweza kutumika kesho mahali pengine.

Wakili wa Zamani alijibu:

Ndugu Mfuatiliaji, kwanza tutenganishe kuitambua dola na kuitambua serikali. Dola ya Libya haikuwa na mashaka yoyote. Ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1955, na vita havikugusa mipaka yake, mikataba yake wala madeni yake. Kilichogombaniwa ni nani mwenye haki ya kusema, kutia saini na kupokea fedha kwa niaba ya dola hiyo.

Kuhusu serikali, kanuni uliyofundishwa ndiyo kanuni ya asili, na kesi inayoeleza vizuri zaidi ni ya Tinoco. Federico Tinoco alitwaa madaraka Costa Rica mwaka 1917 na kutawala kwa takriban miaka miwili, na katika muda huo wote Uingereza haikumtambua. Alipoondoka, warithi wake wakafuta mikataba aliyoitoa kwa kampuni za Kiingereza, na Uingereza, ile ile iliyokataa kumtambua, ikaja kudai kwamba mikataba yake iheshimiwe. Msuluhishi alikuwa William Howard Taft, Jaji Mkuu wa Marekani. Mwaka 1923 aliamua kwamba kutotambuliwa hakufuti ukweli: Tinoco alitawala nchi kwa hakika, kwa hiyo alikuwa serikali. Ukiigeuza hoja hiyo unapata upande wake wa pili, kwamba tamko la kumtambua mtu haliwezi kuumba utawala ambao hana.

Kwa sababu hiyo wanasheria wengi wameshikilia kwamba kuwatambua waasi kuwa serikali mapema mno, vita vikiwa havijaamuliwa, ni kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Ujerumani na Italia zilimtambua Franco, kiongozi wa waasi wa Hispania, tarehe 18 Novemba 1936, Madrid ikiwa bado mikononi mwa serikali ya Jamhuri, na ikabaki mikononi mwake kwa zaidi ya miaka miwili baada ya hapo. Uingereza na Ufaransa zilingoja mpaka tarehe 27 Februari 1939, Catalonia ikiwa imeshaanguka na mwisho wa vita ukionekana wazi. Ujerumani na Italia zilitenda kama washirika wa vita. Uingereza na Ufaransa zilikubali matokeo yake. Kwa maoni yangu, tarehe 10 Machi 2011 Ufaransa ilisimama karibu zaidi na tendo la 1936 kuliko lile la 1939, ingawa sababu zake zilikuwa tofauti kabisa, na hilo linapaswa kusemwa hata na sisi tusiokuwa na huruma yoyote kwa utawala wa Gaddafi.

Hata hivyo, soma kwa makini kile ambacho Ufaransa ilitamka. Haikusema kwamba Baraza ni serikali ya Libya. Ilisema ni mwakilishi halali wa watu wa Libya. Tofauti hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, na ina historia barani kwetu, kwa kuwa lugha ya uwakilishi ndiyo iliyotumika kwa vyama vya ukombozi: mwaka 1976 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua SWAPO kuwa mwakilishi pekee na wa kweli wa watu wa Namibia, bila mtu kudai kwamba SWAPO ilikuwa inatawala Windhoek. Tamko la aina hiyo linakiri kwamba chombo kinastahili kusikilizwa na kusaidiwa, lakini halimwondolei mtawala aliyepo nafasi yake ya kisheria. Udhaifu wa mfano huu, ninaukubali mapema kabla hamjanikosoa, ni kwamba SWAPO ilipigania watu waliokuwa chini ya utawala wa kigeni, ilhali Libya ilikuwa dola huru yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mabadiliko makubwa ya kisheria yalikuja Julai, siyo Machi. Maneno ya Istanbul, "mamlaka halali ya utawala", yalihama kutoka kwenye uwakilishi na kuingia kwenye utawala. Uingereza ilienda mbali zaidi. Tangu mwaka 1980 sera yake ilikuwa kuzitambua dola tu na kuepuka kutoa matamko rasmi kuhusu serikali, lakini tarehe 27 Julai 2011 waziri wa mambo ya nje William Hague alitangaza kwamba inalitambua Baraza kuwa mamlaka pekee ya kiserikali ya Libya, akawafukuza wanadiplomasia wa Gaddafi waliobaki London, na akalialika Baraza kuuchukua ubalozi. Siku hiyo Gaddafi alikuwa bado Tripoli. Yeyote anayesema kwamba kanuni ya udhibiti halisi, yaani kwamba serikali ni yule anayeitawala nchi kwa hakika, ilifuatwa atakuwa na kazi ngumu ya kuieleza siku hiyo.

Wapo watakaojibu kwamba azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la tarehe 17 Machi, lilihalalisha yote haya. Halikufanya hivyo. Liliruhusu hatua zote zinazohitajika kuwalinda raia na likaweka marufuku ya ndege kuruka, lakini halikusema neno lolote la kubadilisha serikali, na utangulizi wake unathibitisha tena mamlaka na umoja wa mipaka ya Libya.

Mkaguzi wa Hesabu aliandika:

Wakili ameeleza sheria vizuri, nami naomba niongeze kuhusu fedha, maana swali la pili la Ndugu Mfuatiliaji, yaani ni kitu gani kinachobadilika, haliwezi kujibiwa bila fedha.

Maazimio namba 1970 na 1973 ya Baraza la Usalama yalizuia mali za Libya zilizokuwa nje ya nchi, zikiwemo za Benki Kuu, shirika la taifa la mafuta na mamlaka ya uwekezaji. Nchini Marekani peke yake zilizuiwa mali zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 30. Azimio namba 1970 liliahidi kwamba mali hizo zitatumika baadaye kwa manufaa ya watu wa Libya, lakini benki haimlipi "mtu wa Libya"; inamlipa mwenye saini inayokubalika. Baraza la Benghazi lilihitaji kulipa mishahara, kununua dawa na mafuta, na kila lilipobisha hodi liliulizwa swali moja: ninyi ni nani kisheria? Lugha ya uwakilishi ya mwezi Machi haikutosha kulijibu. Ndiyo maana naona maneno ya Julai yaliandikwa kwa kuzingatia zaidi wanasheria wa benki kuliko wanajeshi.

Lakini hata hapo mlango haukufunguka wote. Kwa kuwa mali zilizuiwa na Baraza la Usalama, nchi moja moja haikuweza kuziachia kwa tamko lake pekee. Ilihitaji idhini ya kamati ya vikwazo, ambayo huamua kwa makubaliano ya wajumbe wote. Afrika Kusini, iliyokuwa mjumbe wakati huo, ilisita kwa sababu Umoja wa Afrika ulikuwa haujalitambua Baraza. Dola bilioni 1.5 zilizokuwa Marekani ziliruhusiwa tarehe 25 Agosti, Tripoli ikiwa imeshavamiwa. Noti za dinari zilizochapwa Uingereza kwa agizo la utawala wa Gaddafi, ambazo nazo zilikuwa zimezuiwa, zilisafirishwa kwa ndege ya kijeshi hadi Benghazi siku chache baadaye. Kwa hiyo utambuzi wa nchi nyingi hauwi na nguvu kamili ikiwa ufunguo unashikiliwa na chombo cha pamoja.

Mfano wa Côte d'Ivoire, miezi michache tu kabla ya Libya, unaonyesha jambo hili waziwazi zaidi, na nashangaa unatajwa kwa nadra. Desemba 2010 Laurent Gbagbo, rais aliyekuwa madarakani, alikuwa na ikulu, jeshi na redio ya taifa, naye Alassane Ouattara, aliyetambuliwa na ECOWAS, Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa kuwa mshindi wa uchaguzi, alikuwa amezingirwa hotelini Abidjan. Mawaziri wa umoja wa kifedha wa Afrika Magharibi wakaamua kwamba ni watu walioteuliwa na Ouattara tu watakaokuwa na saini katika benki kuu ya pamoja, BCEAO. Gbagbo alibaki na majengo ya serikali, lakini mshahara wa askari ukawa mgumu kupatikana. Alikamatwa tarehe 11 Aprili 2011, siku ile ile wajumbe wa Umoja wa Afrika walipokuwa Benghazi. Tofauti ni kwamba Ouattara alikuwa na matokeo ya uchaguzi yaliyothibitishwa na Umoja wa Mataifa, jambo ambalo Baraza la Libya halikuwa nalo.

Mwanamajumui alijibu:

Nimeguswa na swali la kuchelewa kwa Umoja wa Afrika, kwa sababu kila mara linaulizwa kana kwamba kuchelewa kulikuwa ni uzembe. Angalieni tarehe. Tarehe 10 Machi, siku ile ile Paris ilipolitambua Baraza, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilikutana Addis Ababa na kupitisha mpango wake: mapigano yasitishwe, misaada ipite, wahamiaji wa Kiafrika walindwe, na pande mbili ziingie katika mazungumzo ya kuelekea kipindi cha mpito. Kamati ya wakuu wa nchi tano, yaani Afrika Kusini, Uganda, Mali, Mauritania na Congo, ilipewa jukumu hilo. Ilipotaka kuruka kwenda Libya tarehe 20 Machi haikuruhusiwa, kwa sababu mashambulizi ya anga yalikuwa yameanza siku moja kabla. Iliweza kufika Tripoli tarehe 10 Aprili, ambako Gaddafi aliukubali mpango huo, na kesho yake ikafika Benghazi, ambako Baraza liliukataa kwa kuwa haukumtaka Gaddafi na wanawe waondoke.

Swali langu kwenu ni hili: Baraza lingekuwa na sababu gani ya kukubali? Lilikuwa tayari limetambuliwa na Ufaransa, Qatar na Italia, na ndege za NATO zilikuwa zikipigana upande wake. Anayeambiwa katikati ya vita kwamba yeye ndiye mwakilishi halali huona mazungumzo kama hasara, na anayeambiwa kwamba uhalali wake umekwisha huona kwamba kilichobaki ni kupigana mpaka mwisho. Utambuzi wa mapema uliwaondoa wasuluhishi chombo chao kikubwa kuliko vyote, yaani uwezo wa kuziahidi pande zote mbili uhalali kama zingepatana.

Pili, Umoja wa Afrika una sheria yake. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Uanzishaji kinazuia serikali zilizoingia madarakani kwa njia zisizo za kikatiba kushiriki katika shughuli zake. Sheria hiyo ilikusudiwa zaidi mapinduzi ya kijeshi, na uasi wa wananchi dhidi ya mtawala wa miaka 42 haukai vizuri ndani yake, lakini viongozi hawangeweza kujifanya kwamba haipo. Tatu, mwishoni mwa Agosti zilienea habari za kutisha za Waafrika weusi waliokuwa wakikamatwa na kuuawa Libya kwa kudhaniwa kuwa mamluki, na mwenyekiti wa Kamisheni, Jean Ping, alilisema hilo hadharani. Umoja ulitaka ahadi za kuwalinda na ahadi ya serikali itakayojumuisha makundi yote, na ulilitambua Baraza baada ya kuzipata. Kutumia utambuzi kama dhamana ya haki za watu wasio na mtetezi naona ni matumizi bora kuliko yote tuliyoyaona mwaka ule.

Sitaficha upande wa pili. Libya ilikuwa mojawapo ya wachangiaji wakubwa watano wa bajeti ya Umoja, na Gaddafi alikuwa mwenyekiti wake mwaka 2009, kwa hiyo watu wa Benghazi walikuwa na sababu ya kuutilia shaka usuluhishi wetu. Wala Afrika haikuwa na kauli moja. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zote zilipigia kura ya ndiyo azimio namba 1973. Gambia ililitambua Baraza mapema, Senegal ikafuata, Nigeria na Ethiopia zikalitambua Agosti. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuhusu hati za utambulisho za ujumbe wa Libya tarehe 16 Septemba, nchi 114 zilikubali, 17 zikapinga na 15 hazikuegemea upande wowote. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa zilizopinga, siku nne kabla ya Umoja wa Afrika wenyewe kulitambua Baraza. Kura ile haikuwa ya kumtetea Gaddafi, aliyekuwa tayari mkimbizi ndani ya nchi yake. Ilihusu nani anayestahili kutangulia kuamua mambo ya bara hili.

Mfuatiliaji aliandika:

Nawashukuru sana nyote, nimeelewa mengi. Naomba niulize jambo moja zaidi. Ikiwa utambuzi unatoa fedha, ubalozi na kiti katika Umoja wa Mataifa, je, unatoa pia wajibu? Nauliza kwa sababu Jenerali Abdel Fattah Younis, kamanda wa majeshi ya Baraza, aliuawa tarehe 28 Julai na watu wa upande wake mwenyewe, kesho yake tu baada ya tamko la London. Chombo kisichoweza kumlinda kamanda wake kinawezaje kuwajibika kwa nchi nzima?

Wakili wa Zamani alijibu:

Wajibu upo, lakini chanzo chake si utambuzi. Kanuni za uwajibikaji wa dola zilizokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa mwaka 2001, kifungu cha 10, zinasema kwamba waasi wakishinda na kuwa serikali mpya, vitendo vyao vya tangu wakati wa uasi huhesabiwa kuwa vitendo vya dola. Kwa hiyo yaliyotendwa na wapiganaji wa Baraza tangu Februari, pamoja na yale ya kuwatesa wahamiaji aliyoyataja Ndugu Mwanamajumui, yaliangukia dola ya Libya kwa sababu walishinda, siyo kwa sababu London au Istanbul iliwatambua. Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa ya utambuzi wa kabla ya ushindi: haki hutolewa mara moja, ilhali wajibu hungoja matokeo ya vita, na katika miezi ya katikati hakuna wa kudaiwa.

Kifo cha Younis kilionyesha kwamba vikosi vilivyokuwa vikipigana kwa jina la Baraza havikuwa chini ya amri yake kwa namna ambayo kanuni ya udhibiti halisi ingedai. Nchi zilizolitambua ziliona hivyo, zikaendelea, zikiamini kwamba ushindi ungeleta nidhamu. Vikosi hivyo havikuvunjwa baada ya vita, na mwaka 2014 nchi ikagawanyika kati ya Bunge lililokwenda Tobruk na Kongamano, yaani bunge lililotangulia, lililobaki Tripoli, kila upande ukidai kuwa ndio halali.

Kilichofuata ni utambuzi kugeuzwa kuwa njia ya kujengea serikali. Mkataba wa Skhirat ulitiwa saini Morocco tarehe 17 Desemba 2015, ukaunda Serikali ya Maafikiano ya Kitaifa. Siku sita baadaye Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2259, likazitaka nchi zote ziiunge mkono serikali hiyo na kuacha mawasiliano rasmi na taasisi nyingine zinazodai mamlaka. Serikali hiyo haikuwa na mji hata mmoja mkononi. Waziri mkuu wake, Fayez al-Sarraj, aliingia Tripoli kwa njia ya bahari mwishoni mwa Machi 2016 na kuanza kazi ndani ya kituo cha jeshi la majini.

Nguvu ya kutambuliwa huko ilionekana kamili miaka mitatu baadaye. Khalifa Haftar, kamanda wa majeshi ya mashariki, aliishambulia Tripoli Aprili 2019 akiwa anashikilia sehemu kubwa zaidi ya ardhi na visima vya mafuta kuliko serikali ya Sarraj. Kwa kipimo cha Tinoco, mashariki yote ya nchi ilikuwa mikononi mwake. Lakini mwenye haki ya kualika jeshi la kigeni alikuwa Sarraj, kwa sababu yeye ndiye aliyetambuliwa. Novemba mwaka huo serikali yake ilitia saini hati mbili za maelewano na Uturuki, moja ya usalama na nyingine ya mipaka ya baharini, na msaada wa kijeshi uliofuata ukawarudisha nyuma wapiganaji wa Haftar katikati ya mwaka 2020. Bunge la Tobruk lilizipinga hati hizo kwa hoja kwamba mkataba wa Skhirat wenyewe, uliompa Sarraj uhalali wake, unataka mikataba ya aina hiyo iidhinishwe na Bunge.